Miaka 29 Rabai: Kumtii Mungu Wakati Huoni Matunda



Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Tafuta mahali utulie, hata kama ni kwenye kiti cha matatu, maana nataka tusome historia pamoja. Ni historia ya hapa kwetu Kenya, ya kilima kimoja nyuma ya Mombasa, na naamini Mungu ana neno ndani yake kwa mtu ambaye ameomba, amefunga, ameendelea kuwa mwaminifu, na bado haoni kitu.

Najua mko wengi. Kuna aliyekataa rushwa ofisini, na yeye ndiye aliyeachishwa kazi. Kuna mama aliyemwombea mume miaka kumi na minne, na mume hajakanyaga kanisani hata siku ya harusi ya binti yao. Kuna kijana aliyemaliza chuo, ametuma barua za kuomba kazi hadi hakumbuki ni ngapi, na kila Jumapili anapiga makofi mwingine anaposhuhudia. Mtu wa namna hii hahitaji kuambiwa kwamba Mungu anaweza. Hilo analijua. Swali lake ni hili: je, niendelee kutii ikiwa hakuna kinachobadilika?

Twende Rabai tukamtazame mtu aliyeishi na swali hilo kwa miaka 29.

KABURI KABLA YA KANISA

Lazima tuanzie nyuma kidogo, kwa aliyemtangulia. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la kimisheni la Uingereza. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amehudumu Ethiopia kwa miaka kadhaa, mpaka mlango wa huko ukafungwa. Mwaka wa 1843, yeye na mkewe Rosine wakiwa safarini katika nyika kavu karibu na Bahari ya Shamu, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi, wakamzika huko, wakaendelea na safari.

Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Seyyid Said akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa wakuu wake wa pwani, na kufikia mwezi wa Mei walikuwa wameanza kuishi Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf aliketi na msomi mmoja Mwislamu wa mjini pale, akamsaidia kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Krapf aliihesabu siku hiyo kuwa mojawapo ya siku kuu za maisha yake.

Sasa angalia tarehe, mpendwa. Mwanzoni mwa Julai homa iliingia nyumbani mwao. Krapf akalala, na Rosine, aliyekuwa mjamzito, naye akalala. Tarehe 6 Julai akajifungua msichana. Tarehe 13 Julai Rosine akafa, na mumewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakuweza hata kumuuguza. Hazikupita siku tatu, mtoto naye akafa. Kutoka siku ya kuanza kutafsiri Neno la Mungu mpaka siku ya kumpoteza mke ni wiki tano tu.

Kama Krapf angekuwa mshirika wetu, tungemwambia nini? Nawajua watu wa kanisa. Mmoja angesema, "Labda hukutumwa." Mwingine angesema, "Chunguza maisha yako, kuna mahali umefungua mlango." Tungekuwa marafiki wa Ayubu, waliokaa naye vizuri siku saba wakiwa kimya, kisha wakaharibu walipofungua midomo.

Rosine alikuwa ameacha wosia. Aliomba asizikwe kisiwani Mombasa bali ng'ambo, bara, karibu na njia ya watu, ili wapitao walione kaburi na wakumbuke kilichowaleta watumishi hawa katika nchi yao. Alitaka kaburi lihubiri. Lipo mpaka leo upande wa Nyali. Na Krapf, akiwa bado dhaifu, aliwaandikia waliomtuma kuwaambia kwamba sasa pwani ya Afrika Mashariki ina kaburi la misheni, na kwa hiyo wajue kazi imeanza. Hakuandika kuomba arudishwe.

Soma Mwanzo 23. Abrahamu aliahidiwa nchi yote ya Kanaani. Unajua kipande cha kwanza cha ardhi alichomiliki ndani ya ahadi hiyo kilikuwa nini? Kaburi la Sara. Alilinunua kwa fedha, mbele ya mashahidi, huku machozi hayajakauka. Ahadi ya Mungu ilianza kushikika mkononi mwake kwa umbo la kaburi. Ukiwa na ahadi ya Mungu na kitu pekee unachoweza kuonyesha ni kaburi, hujapotea njia. Abrahamu alisimama hapo hapo.

KIJANA ALIYEKUJA NA KUBAKI

Miaka miwili baadaye, Juni 1846, Krapf alipata mwenzake. Aliitwa Johannes Rebmann, Mjerumani pia, kijana wa miaka 26. Huyu ndiye mtu wetu wa leo.

Wazee wa Rabai, watu wa Mijikenda, waliwakubalia wageni hawa kuishi kwenye kilima chao. Naomba tulikumbuke hilo. Wamishenari hawakuja hapo na bunduki wala na serikali. Walipewa mahali na wazee wenye nchi, baada ya kuketi na kusikilizwa. Agosti 1846 wakapanda kilima kuanza kituo. Wote wawili walikuwa na homa. Krapf alikuwa dhaifu hata akahitaji punda. Walianza hivyo hivyo, wanatetemeka.

Rebmann hakukaa kitako. Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara, alielekea nchi ya Wachaga. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona mlima mbele yake, na juu ya kilele kitu cheupe. Alipomuuliza kiongozi wake ni nini kile, jibu lilikuwa neno moja: baridi. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi ya theluji. Aliijua alipoiona.

Wachaga, bila shaka, hawakuhitaji mgeni kuwaambia kuna nini juu ya mlima wao. Lakini Rebmann alipoandika habari hizo na zikachapishwa Uingereza mwaka wa 1849, wasomi walimkataa. Theluji, karibu na ikweta? Mtaalamu mmoja wa jiografia mjini London, William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii, alimpinga vikali, na mwaka wa 1852 akatoa kitabu cha kuyapinga maneno ya watu hawa wa Rabai. Desemba 1849 Krapf naye alikuwa ameuona Mlima Kenya wenye theluji akiwa Ukambani, eneo la Kitui. Naye hakusadikiwa.

Ni mwaka wa 1861 na 1862 ambapo Mjerumani mwingine, Karl Klaus von der Decken, aliupanda mlima ule kiasi na kurudi na ushahidi kwamba theluji ipo. Hesabu: kutoka 1848 mpaka 1861 ni miaka 13. Miaka 13 ya kuitwa mwongo na watu wenye vyeo, kwa sababu ya kusema ulichoona kwa macho yako.

Na safari zenyewe hazikuwa za kuonea fahari. Mwaka wa 1849 Rebmann alikwenda tena Uchagani akikusudia kupita mpaka Unyamwezi. Alipofika Machame, mtawala Mamkinga alimnyang'anya kidogo kidogo vitu vyote alivyobeba kwa ajili ya safari ndefu. Akageuka kurudi pwani akiwa mgonjwa, mikono mitupu, na machozi yakimtoka. Aliomba, alijiandaa, alitoka kwa imani, na akarudi bila kitu. Unaijua safari hiyo, mpendwa? Wengine wenu mmeisafiri mwaka huu.

MIAKA YA UKIMYA

Kufikia hapa ungesema, sawa, haya ni majaribu makubwa, lakini yana tarehe. Yalianza, yakaisha. Nataka sasa uone jaribu ambalo halina tarehe.

Mwaka wa 1853 afya ya Krapf ilivunjika, akarudi Ulaya. Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, aliondoka mwaka wa 1855. Rebmann akabaki na mkewe Emma, aliyemwoa nchini Misri mwaka wa 1851. Mtoto wao alikufa akiwa mchanga. Mwaka wa 1857 mashambulizi ya Wamasai yalitawanya watu wa nyuma ya pwani, na Rebmann na mkewe wakakimbilia Unguja kwa muda, kisha wakarudi kuanza upya. Mwaka wa 1866 Emma akafa. Rebmann akabaki Kisulutini, pale Rabai, na macho yake yakaanza kufifia.

Na matunda? Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema maskini, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Baada yake kuna mzee Abe Gunja, na wengine wachache sana. Kwa miaka mingi waamini wa Rabai walihesabika kwa vidole. Hakuna mkutano mkubwa, hakuna kuamka kiroho, hakuna kijiji kilichotupa hirizi motoni. Ni asubuhi, jioni, homa, msimu wa mvua, msimu wa kiangazi, na watu wanaosikiliza kwa adabu kisha wanaenda shambani.

Alifanya nini basi miaka hiyo yote? Alikusanya maneno. Aliketi na watu akawauliza hiki mnakiitaje, na kile mnakiitaje. Aliandika maneno ya Kirabai. Aliitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Alikutana na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa utumwani kutoka pande za Ziwa Nyasa, na kutoka kinywani mwake akaandika kamusi ya Kinyanja, lugha ya nchi ambayo Rebmann mwenyewe hakuwahi kuiona. Yeyote aliyempitia angeona mzee amekaa chini ya paa la makuti na karatasi. Pengine angesema amekata tamaa.

Nisimpake rangi. Rebmann hakuwa malaika. Alikuwa mzito wa kubadilika, alitofautiana na wenzake, na Krapf mwenye maono ya kujenga vituo kuvuka Afrika nzima hakuelewana naye kila mara kuhusu njia. Wageni wengine waliofika Rabai walimwona mkaidi. Nasema haya ili usidhani utii ni wa watu wa tabia ya pekee. Alikuwa mtu, na upweke ulimkwaruza kama unavyokukwaruza wewe.

Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kwa Sultani Barghash kuhusu kukomesha biashara ya watumwa, alifika pwani yetu. Alimkuta Rebmann karibu kipofu kabisa, bado yuko pale pale. Mwaka wa 1875 hatimaye akaondoka, akisindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Katika miaka 29 hakuwa amerudi kwao Ulaya hata mara moja. Alifika Ujerumani, akaishi karibu na rafiki yake wa zamani Krapf katika mji mdogo wa Korntal, na Oktoba 1876 akafa. Alikuwa na miaka 56.

Nataka usimame hapo kwanza. Usikimbilie mwisho mzuri. Rebmann alikufa akiwa amejua kiasi hicho tu. Aliyoyaona kwa macho yake, kabla macho hayajazima, ni waamini wachache, makaburi, na mafungu ya karatasi ambayo mengi yalikuwa hayajachapishwa. Kama ukweli wa wito wake ungepimwa siku ile anapanda meli, angeshindwa mtihani wetu wote.

KILICHOOTA NYUMA YAKE

Mwaka ule ule wa 1875 CMS walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Na Rabai, kilima kile cha waamini wachache, kikawa mahali pa kukimbilia. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipanda kilima kile kutafuta usalama, mamia kwa mamia.

Waliowapokea walikuwa nani? Waafrika. Mmoja aliitwa William Jones. Alitekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa, akalelewa na wamishenari karibu na Nasik kule India. Alirudi Afrika Mashariki mwaka wa 1864 na akahudumu Rabai. Tarehe 31 Mei 1885, huko Freretown, yeye na mwenzake Ishmael Semler waliwekewa mikono na Askofu James Hannington. Watoto waliouzwa kama mbuzi wakawa watumishi wa madhabahu.

Tena jaribu likaja mara moja, kama lilivyomjia Krapf. Miezi miwili haikuisha, Jones akaondoka Rabai pamoja na askofu kuelekea Buganda. Walipofika eneo la Mumias ya leo, askofu alimwacha Jones pale na wengi wa wapagazi, akaendelea na watu hamsini hivi. Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga. Jones alisubiri, akapata habari za mauaji kutoka kwa wachache walionusurika, kisha akawaongoza watu wake kurudi kwa miguu, mamia ya kilomita, mpaka Rabai. Waliingia Februari 1886 wakiwa na bendera ya bluu iliyoandikwa neno moja: Ikabodi. Unalijua neno hilo, liko 1 Samweli 4:21. Ni kilio cha mama anayesema utukufu umeondoka.

Lakini Jones hakuishia kwenye Ikabodi. Alirudi kwenye kazi. Aliendelea kuwalinda watoro wa Rabai huku wenye watumwa wakiwadai. Mwaka wa 1887 watu wa Rabai wakajenga kanisa kubwa la mawe. Na tarehe 1 Januari 1889, baada ya wenye watumwa kulipwa fidia, watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejihifadhi kwenye vituo vya misheni, wengi wao hapo Rabai, walipewa hati za uhuru. Kilima alichokilinda kipofu mmoja kwa miaka 29 kilikuwa tayari siku watu 1,400 walipokihitaji. Hakikuandaliwa siku hiyo.

Na zile karatasi? Luka ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1876. Kamusi ya Kinyanja ilitoka mwaka wa 1877, Rebmann akiwa kaburini. Krapf alifariki Novemba 1881, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882. Biblia ya Kiswahili unayoifungua kwenye simu ni kazi ya mikono mingi ya miaka mingi, ya Wazungu na Waafrika, Wakristo na hata wasomi Waislamu walioulizwa maana ya neno. Lakini ukifuata mto huo mpaka juu kwenye chemchemi, utafika kwenye nyumba moja Mombasa, Juni 1844, wiki tano kabla ya msiba.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, jaribu si ushahidi kwamba umekosea njia. Kumbukumbu la Torati 8:2 inasema Mungu mwenyewe ndiye aliyewaongoza Israeli jangwani miaka arobaini, ili kuwajaribu na kujua yaliyomo moyoni mwao, kama watashika amri zake au la. Angalia vizuri: wingu liliwaongoza kuingia mahali pa kiu. Jangwa lilikuwa njiani. Kabla hujakimbilia kutafuta nani amekuroga, uliza swali la andiko hilo: katika hali hii, amri ya Mungu kwangu ni ipi, na je, naishika?

Pili, utii haupimwi kwa matunda unayoyaona. Yeremia 25:3, nabii anawaambia watu wa Yuda kwamba amesema nao miaka 23, na hawakusikia. Miaka 23! Leo tungemshauri abadilishe huduma. Lakini Mungu hakumuuliza Yeremia wamekuja wangapi. Alimuuliza kama amesema alichoambiwa. Waebrania 11:13 inatuambia mashujaa wale walikufa katika imani bila kuzipokea ahadi, wakiziona kwa mbali tu na kuzishangilia. Sura ile ile ina watu waliofunga vinywa vya simba na watu waliokatwa kwa misumeno, na wote wamesifiwa kwa imani moja. Mpendwa, usikubali mtu akuuzie imani yenye nusu ya Waebrania 11.

Tatu, kutii si kukaa mahali kwa ukaidi. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wataisoma habari ya Rebmann vibaya. Vita ilipokuja mwaka wa 1857 alikimbia, na hakutenda dhambi. Yesu mwenyewe katika Mathayo 10:23 anawaambia wanafunzi wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Macho yalipokwisha, alikubali kuondoka. Krapf alirudi mapema kwa sababu ya afya na akaendelea kutumika akiwa mbali. Kwa hiyo dada unayepigwa nyumbani, kutoka ukaokoe maisha yako si kukosa imani. Ndugu mwenye kisukari au presha, kumeza dawa si kumkana Mungu. Kumngoja Bwana hakujawahi kumaanisha kukataa mlango anaoufungua. Na usipime wito wako kwa wito wa jirani: mmoja aliambiwa rudi, mwingine akaambiwa baki, na Bwana wao ni mmoja.

Nne, utii una kazi ya leo. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Tunangoja mlango mkubwa ufunguke na huku tumeacha kufanya dogo lililo mkononi. Rebmann hakuweza kuibadilisha mioyo ya watu wa Rabai, hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Aliweza kuuliza neno moja na kuliandika, na kesho yake neno lingine. Katika Luka 5:5 Petro amevua usiku kucha bila kupata kitu. Hana sababu yoyote mpya ya kushusha nyavu isipokuwa kwamba Bwana amesema. Na anazishusha. Kumbuka kwamba alipozishusha bado alikuwa amechoka, na bado mashua ilikuwa tupu.

Kwa hiyo wewe uliyekataa rushwa ukaachishwa kazi, neno lako la leo ni nini? Pengine ni kukataa tena, kesho, kwenye kibanda chako cha kuuza mboga, wakati wa kupima kilo. Mama unayemwombea mume, neno lako la leo ni kusema ukweli kwa upole mezani na kupiga magoti jioni, bila kumhesabia miaka. Kijana wa barua za kazi, ni kuandika barua ya leo bila kughushi cheti, na kumpigia makofi mwenzako anayeshuhudia kwa moyo safi. Sikuahidi kwamba barua hii ndiyo itakayojibiwa. Ningekuahidi hivyo ningekuwa nabii wa uongo. Ninachojua ni kwamba Mungu aliyemwona Rebmann akiandika maneno gizani anakuona, na hakuna neno moja lililotupwa.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na mwenye kukuza ni Mungu (1 Wakorintho 3:6). Huenda Mungu amekuita kupanda tu, na atakayevuna hajazaliwa bado. Huenda jina lake ni la mjukuu wako. Je, bado utapanda?

Ukipata nafasi ya kwenda Mombasa, pita Nyali kwenye kaburi la Rosine. Kisha panda gari mpaka Rabai, kaunti ya Kilifi, si mbali. Kuna makumbusho madogo yaliyopewa jina la Krapf, na kanisa la mawe bado linaabudiwa. Peleka watoto. Waambie hawa walimtii Mungu wakati hawakuona.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, wewe unayajua majina ya wanaosoma hapa wakiwa wamechoka. Hawajakuacha, ila wamechoka. Wape nguvu ya siku ya leo. Waondolee sauti za marafiki wa Ayubu. Palipo na hatari, wafungulie njia ya kutoka na uwape ujasiri wa kuipita. Palipo na ukimya, wape neno la kulifanya leo, nao walifanye. Tufundishe kupanda tusipoona mvua. Na siku tutakapokuja kwako, utukute kama ulivyomkuta Krapf, tukiwa tumepiga magoti. Amina.

Kama uko katika miaka yako ya ukimyani, andika hapa chini neno moja tu, "Nitapanda," nasi tutakuombea kwa jina kwenye ibada ya Jumatano. Na kama kuna mtu unayemjua amebaki peke yake kwenye kilima chake, mtumie ujumbe huu, kisha mpigie simu. Rebmann alikuwa na Isaac Nyondo wa kumsindikiza njiani. Kuwa Nyondo wa mtu wiki hii.